Polifenoli za kijana wako zinatoka wapi? Zihesabu kwa daftari na kikombe

Binti wa dada yangu, ambaye naishi naye hapa Tanga na yuko kidato cha pili, alinijia na simu mkononi. "Mama mdogo, huyu anauza unga wa polifenoli. Anasema wanafunzi wote hatupati za kutosha." Nikamwuliza huyo muuzaji amejuaje, maana hata jana ulikula nini hajakuuliza. Akacheka. Tukachukua daftari.

Nafundisha sayansi kimu, na tangu siku hiyo zoezi lile nimelifanya na wanafunzi mara kadhaa. Ninaloliandika hapa ni zoezi lenyewe, kwa mzazi, mlezi, mwalimu au kijana mwenye subira ya siku tatu. Halina gharama. Linahitaji daftari, kikombe mnachonywea chai, chupa tupu ya soda na upawa wa jikoni.

Kwanza tuelewane tunahesabu nini. Polifenoli ni kundi kubwa la kemikali ambazo mmea hujitengenezea ili ujikinge na jua kali, wadudu na magonjwa. Huzioni, lakini unazijua kwa ulimi na macho: ukakasi wa chai iliyokoza, zambarau inayokausha kinywa na kuacha ulimi wa buluu, wekundu wa choya, weusi wa ganda la biringanya. Si vitamini. Hakuna kiwango cha siku kilichowekwa, wala hakuna ugonjwa unaoitwa upungufu wa polifenoli, kwa hiyo anayekwambia mwanao "amepungukiwa" anakuuzia kitu. Sehemu kubwa ya polifenoli tunazokula haifyonzwi kwenye utumbo mwembamba. Hushuka hadi utumbo mpana, bakteria wa huko wakazivunjavunja, na vipande hivyo ndivyo vinavyoingia mwilini. Tafiti nyingi za faida zake, hasa kwa mishipa ya damu, zimefanywa kwa watu wazima. Kwa kijana cha maana ni kwamba vyakula vyenye polifenoli ni vilevile vyenye nyuzinyuzi, vitamini na madini, na kwamba mazoea ya kula hujengwa katika umri huu.

Hatua ya kwanza: andika siku tatu

Siku mbili za shule na moja ya wikiendi, na zisifuatane. Kijana anakula tofauti kabisa Jumamosi, hasa kama nyumba ina pilau au kama kuna shughuli mtaani.

Usimwambie aandike huku anakula, kwa sababu atabadilisha anachokula ili daftari lipendeze. Mwulize kesho yake: jana, kuanzia ulipoamka mpaka ulipolala, nini kiliingia kinywani? Wataalamu wa lishe huita hii kumbukumbu ya saa 24. Mpitishe mara mbili. Mara ya kwanza atakutajia milo: chai, wali, ugali. Mara ya pili uliza kwa kufuata njia aliyopita, si kwa kufuata milo. Ulipotoka nyumbani ulipita wapi? Kwenye kituo cha daladala kuna nini? Mapumziko ulikaa na nani, yeye alinunua nini, alikumegea? Hapo ndipo hutokea ubuyu, embe bichi lenye chumvi na pilipili, miwa, karanga za kufunga, bagia na barafu za maji. Nimeona daftari lililoanza na vitu vitano likafika kumi na mbili kwa maswali hayo tu.

Sharti kubwa ni usikaripie. Ukisema "kumbe hela yangu unaila chipsi!" mara moja tu, daftari limekufa. Siku inayofuata utaandikiwa mchicha na matunda asubuhi, mchana na jioni.

Andika na jinsi kilivyoliwa, siyo jina tu. "Chungwa" haitoshi: lilimenywa na kuliwa lote au lilifyonzwa? "Maharage" ni mekundu, ya njano au meupe? "Chai" ni ya rangi au ya maziwa, na ilinywewa saa ngapi, pamoja na chakula au peke yake? Saa itatusaidia sana huko mbele, kwa hiyo usiiruke.

Hatua ya pili: pata vipimo

Jaza maji kwenye chupa ya soda ya kioo ya mililita 350, mimina kwenye kikombe chenu, uone kinachobaki. Vikombe vingi vya plastiki vya nyumbani huchukua kati ya mililita 250 na 300, na watu hushangaa. Upawa mmoja wa maharage yaliyopikwa chukulia gramu 150 kama ni wa kawaida. Konzi ya karanga ni kama gramu 30. Mboga ya majani iliyopikwa, ujazo wa kiganja, gramu 60 hadi 80. Usitafute usahihi wa duka la dawa. Tunatafuta picha.

Hatua ya tatu: hesabu, halafu usiiamini sana hesabu

Majedwali ya vyakula vya Tanzania yaliyotolewa mwaka 2008 yalitengenezwa kwa ajili ya nishati, protini, vitamini na madini. Kwa polifenoli watafiti duniani hutumia zaidi hifadhidata ya Phenol-Explorer, iliyoanzishwa na watafiti wa Ufaransa mwaka 2009. Kutoka humo, hizi ndizo namba ninazowapa wanafunzi, zote kwa makadirio. Chai nyeusi iliyotengenezwa ina miligramu 102 kwa kila mililita 100. Kahawa ya kuchuja ina 214. Kwa kila gramu 100, kitunguu maji chekundu kina 168, tufaha 136, spinachi 119, maharage meusi 59, viazi mviringo 28. Juisi halisi ya machungwa ni kama 46 kwa mililita 100.

Kinachoongoza orodha nzima ni karafuu yetu: zaidi ya miligramu 15,000 kwa gramu 100. Wapemba wana haki ya kutamba. Ila hakuna anayekula gramu 100 za karafuu, labda kwa adhabu. Punje moja haifiki hata sehemu ya kumi ya gramu, na punje tano za pilau zinagawanywa kwa sufuria la watu wanane.

Hii hapa Jumatano ya binti yetu kama ilivyo kwenye daftari. Asubuhi kikombe cha chai ya rangi na maandazi mawili. Mapumziko, mihogo ya kukaanga na sharubati nyekundu ya unga. Mchana wali na upawa wa maharage, na kachumbari kidogo. Usiku ugali, dagaa, mchicha kiganja kimoja, kisha kikombe kingine cha chai ya rangi kabla hata sahani hazijaondolewa.

Vikombe viwili vya mililita 250 ni nusu lita: 510. Maharage, 88 hivi. Vitunguu vya kachumbari na vya mchuzi, tuseme gramu 30: 50. Mchicha hauna namba yake katika orodha yangu, nikaazima ya spinachi: 71. Sharubati ile nyekundu ni sifuri, kwa kuwa wekundu wake umetoka kiwandani. Maandazi, wali mweupe na mihogo ni kidogo mno kusumbua kalamu. Jumla inakaribia miligramu 720.

Akafurahi. Nikamweleza kwamba katika utafiti wa HELENA, uliokusanya taarifa za vijana wa Ulaya mwaka 2006 na 2007, walipopigiwa hesabu vijana zaidi ya 2,400 wenye miaka 12 na nusu hadi 17 na nusu, yule wa katikati alipata miligramu 326 tu kwa siku. Akafurahi zaidi. "Basi nimewazidi mara mbili!"

Kwenye karatasi, ndiyo. Lakini tazama zimetoka wapi. Saba katika kila kumi zimetoka kwenye kikombe cha chai. Siku nzima hakuna tunda hata moja. Wale wa Ulaya, chanzo chao cha kwanza kilikuwa matunda, tufaha na peasi zikitangulia, kisha bidhaa za chokoleti, kisha juisi za matunda na mboga. Chokoleti nayo si ya kujivunia, sukari yake mnaijua, lakini hoja ni kwamba jumla kubwa inaweza kusimama juu ya mguu mmoja. Polifenoli ziko za mamia ya aina, na za chai si za chungwa, za chungwa si za maharage.

Kwa hiyo baada ya kujumlisha, geuza ukurasa uandike jambo moja zaidi: siku hiyo vyanzo vilikuwa vingapi? Binti yetu alikuwa na vinne: chai, maharage, kitunguu, mchicha. Tangu hapo tunahesabu vyanzo. Miligramu tumeziachia watafiti.

Hatua ya nne: sogeza chai

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo mambo mawili mazuri yanapogombana.

Polifenoli za chai zikikutana tumboni na madini ya chuma yanayotoka kwenye mimea, kama maharage, mchicha na uji wa ulezi, huyakamata yasifyonzwe. Si kidogo. Jaribio lililochapishwa mwaka 1999 liliwapa watu wazima mkate pamoja na vinywaji mbalimbali likapima chuma kilichoingia mwilini. Chai nyeusi ilipunguza ufyonzaji kwa asilimia 79 hadi 94. Kakao, kama asilimia 71. Kuongeza maziwa kwenye chai hakukusaidia kitu cha maana, kwa hiyo anayejitetea kwamba "mimi nakunywa ya maziwa" hajaokoka.

Sasa angalia nani anakunywa. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku kwa viwango vya Marekani, mvulana wa umri huo 11. Msichana anapoteza damu kila mwezi na bado anakua. Utafiti wa afya na demografia wa Tanzania wa 2015-16 ulikuta kama asilimia 45 ya wanawake wa miaka 15 hadi 49 wana upungufu wa damu. Sababu ni nyingi, malaria na minyoo zikiwemo, na chai haiwezi kubebeshwa zote. Lakini mlo wa ugali na maharage, chuma chake chote kikiwa cha mimea, ukiteremshiwa chai ya rangi iliyokoza, ni kama kuchota maji kwa pakacha.

Simwambii mtu aache chai. Huku kwetu pwani hakuna atakayenisikiliza, na kule Kericho au Mufindi kwenye mashamba ya chai nitafukuzwa. Ninachosema ni kuisogeza.

Chai iende angalau saa moja baada ya chakula. Nyumbani kwetu tumefanya hivi: chakula cha usiku ni saa moja na nusu, na chai huwekwa jikoni taarifa ya habari ikiisha. Wiki ya kwanza walilalamika, wiki ya tatu ikawa desturi. Kwa asubuhi ni rahisi zaidi, maana chai na maandazi ya unga mweupe hakuna chuma kingi cha kuibiwa. Kasoro ni kama kifungua kinywa ni uji wa ulezi, maharage au viporo vya jana. Hapo chai isubiri mapumziko.

Mahali pa chai mezani weka kitu chenye vitamini C, ambayo hufanya kinyume: hukifungulia chuma mlango. Kamua ndimu juu ya mchicha au maharage yakiwa tayari sahanini. Usiikamue kwenye sufuria linalochemka, maana moto huiharibu. Chungwa baada ya wali maharage, kipande cha papai, pera, kachumbari yenye nyanya na ndimu ya kutosha, vyote vinafanya kazi hiyo. Na uzuri wa ajabu ni kwamba navyo vina polifenoli zake, kwa hiyo umepata chanzo kipya na umelinda chuma kwa mkono mmoja.

Ukimwona kijana amepauka viganja na ndani ya kope, anachoka kupanda ngazi, au amekuwa mlaji wa udongo au wa mabonge ya barafu, acha kushughulika na chai. Mpeleke kituo cha afya apimwe wingi wa damu.

Hatua ya tano: acha kutupa

Mmea huweka polifenoli zake nje, kwenye ganda na ngozi, kwa sababu adui anatokea nje. Sisi jikoni tunaanza kwa kutupa cha nje. Hatua hii haihitaji shilingi.

Chungwa. Muheza wanalima machungwa ya kulisha nchi, halafu tazama tunavyoyala: muuzaji analimenya ganda la juu kwa kisu, analikata kichwa, mtoto anafyonza, makapi yanatupwa. Polifenoli kuu ya chungwa, hesperidini, imejaa kwenye ule utando mweupe na makapi yaliyotupwa mtaroni. Lile chungwa limenywe kwa mkono, ligawanywe vipande, liliwe lote isipokuwa kokwa. Vijana watasema ni kazi. Ndiyo, ni kazi ya dakika mbili.

Karanga. Ile ngozi nyembamba nyekundu inayopeperushwa kwa kupuliza kwenye ungo ndiyo yenye ukakasi, na ukakasi ndio tunaoutafuta. Zikaange, uzile na ngozi yake. Chagua tu zile zilizosinyaa, zenye ukungu au ladha chungu uzitupe mbali, kwa sababu huko hukaa sumukuvu.

Kitunguu kina kwesetini, polifenoli yake kuu, nyingi kwenye tabaka za nje. Anayemenya tabaka mbili nene ili apate kitunguu kizuri cheupe ametupa sehemu tajiri. Toa ganda kavu tu.

Biringanya na nyanya usivimenye. Nyanya huwa tunaikwangua ganda kwa ajili ya rosti laini. Iachie.

Mboga ya majani nitaiongelea kidogo zaidi, kwani huu ndio utajiri ambao mijini vijana wameanza kuuonea haya. Matembele yana polifenoli za jamii ileile inayopatikana kwenye kahawa, na yale yenye mashina ya zambarau yana rangi nyingine juu yake. Yapike kwa maji machache, muda mfupi, na mchuzi wake uliwe. Kuyachemsha, kuyakamua kama nguo na kumwaga maji ni kumwaga tulichokuja kukitafuta. Kisamvu ni habari nyingine kabisa: kile lazima kitwangwe na kichemshwe vizuri kutoa sumu ya sianidi, na hapo hakuna mjadala wa polifenoli.

Na maharage? Yenye ganda la rangi, mekundu, meusi au ya kablanketi, yana polifenoli kuliko meupe. Maji ya kulowekea hubeba sehemu yake, lakini pia hubeba vile vinavyoleta gesi na vinavyozuia madini. Ushauri wangu ni kuyaloweka usiku kucha na kumwaga maji. Ganda linabaki na rangi ya kutosha, na mkaa unaookolewa si haba.

Hatua ya sita: unga

Ugali ndio chakula kikubwa, kwa hiyo badiliko dogo hapa lina uzito. Sembe imekobolewa, na katika kukoboa imeondoka pumba iliyobeba asidi feruliki, polifenoli kuu ya mahindi. Dona inabaki nayo. Vijana wengi hawaipendi dona, wanasema ni ya bweni. Changanya nusu kwa nusu, anza Jumamosi, usitangaze.

Tahadhari moja nzito: dona itoke kwenye mahindi makavu, yasiyo na ukungu, yaliyohifadhiwa vyema. Sumukuvu hujikusanya zaidi sehemu za nje za punje, na mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yaliyochafuliwa nayo. Kama huna hakika na mahindi, kula sembe.

Ulezi na mtama mwekundu ndivyo nafaka zenye rangi halisi. Ukitengeneza togwa au ukitumia kimea, uchachu na uotaji hupunguza kiasi cha vizuizi vya chuma. Uji wa ulezi tunaupika hivi: unapikwa, unaepuliwa, unaachwa upoe hadi unaweza kunyweka, ndipo unakorogewa kijiko kimoja cha chakula cha unga wa ubuyu. Uchachu wake unapendeza na vitamini C yake haijaungua. Ninaposema ubuyu ni ule unga mweupe wa ndani ya buyu. Ule mwekundu wa pakiti, uliopikwa kwa sukari na rangi, ni peremende. Ni mtamu, naula mwenyewe, lakini hauingii kwenye safu ya vyanzo.

Hatua ya saba: hela ya mapumziko

Usipange chakula cha shule ukiwa nyumbani bila kujua shule ina nini getini. Tulikaa na binti tukachora: mama wa mihogo, kijana wa miwa, meza ya matunda, duka la soda na enaji, kikapu cha karanga. Kisha tukakubaliana jambo moja tu, yaani kila siku ya shule anunue kitu kimoja chenye rangi iliyotoka mtini. Pera, embe, fungu la zambarau msimu wake ukifika, chungwa, konzi ya karanga zenye ngozi. Mihogo abaki nayo. Nilichomkatalia ni sharubati ya unga, na badala yake anabeba chupa ya choya tuliyoichemsha nyumbani na tangawizi na sukari kidogo. Wekundu kwa wekundu, lakini huu ni wa ua. Anaibeba kwa mapumziko ya saa nne. Haiendi na mlo wa maharage, maana nayo ina ukakasi wake.

Enaji inahitaji neno. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya huchukulia miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito kuwa kiasi kisicholeta wasiwasi kwa watoto na vijana. Msichana wa kilo 45 ana nafasi ya 135 kwa siku. Kikombe cha chai nyeusi ni kama 50. Vikombe viwili vya nyumbani tayari vimekula sehemu kubwa, kwa hiyo kopo la enaji likiingia juu yake, usingizi wa mtihani umeondoka. Kwa sababu hiyohiyo siongezi kahawa kwenye mpango wa kijana, ingawa namba yake ni kubwa.

Kwa waliopo bweni, mambo mengi hayako mikononi mwao. Huko tumeshauri mambo matatu: ndimu sandukuni, karanga za kukaanga kwenye kopo lenye mfuniko, na kutokunywa chai ya jioni pamoja na maharage. Matroni mmoja alikubali kusogeza birika la chai hadi kipindi cha kujisomea. Wanafunzi walimshukuru kwa sababu nyingine kabisa: sasa wana cha kuwaamsha.

Ule unga wa kwenye simu

Usinunue. Chakula chenye polifenoli huja na mipaka yake, kwani tumbo hujaa. Kidonge na unga wa dondoo havina mpaka. Mwaka 2018 mamlaka ileile ya Ulaya ilitahadharisha kwamba virutubisho vya dondoo ya chai ya kijani vinavyotoa miligramu 800 au zaidi kwa siku za katekini yake kuu, yaani polifenoli kuu ya chai hiyo, vilihusishwa na dalili za madhara ya ini. Chai hiyohiyo ikinywewa kwa kikombe haikuwatia wasiwasi huo. Kijana anayetumia dawa yoyote ya kudumu ndiye wa kujihadhari zaidi.

Hatua ya nane: rudia baada ya mwezi

Siku tatu tena, maswali yaleyale, bila kukaripia. Weka kurasa mbili pembeni kwa pembeni, utazame safu mbili tu: vyanzo vingapi kwa siku, na chai ilinywewa dakika ngapi baada ya chakula. Usishangae kama miligramu zimeshuka. Za binti yetu zilishuka, kwa sababu alipunguza kikombe kimoja cha chai. Vyanzo vilitoka vinne vikawa saba: chai, maharage, kitunguu, matembele, chungwa zima, karanga na choya. Jumamosi aliongeza cha nane akanilazimisha nikiandike, karafuu ya pilau, punje moja aliyoitafuna bila kujua na kuitema nusu. Nimeandika nusu.